Bibi Priscilla Sitienei, Mkunga wa Ndalat

1. Nchi aliyozaliwa

Katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya kuna nchi ya vilima, yenye mvua nyingi na baridi ya asubuhi. Hiyo ndiyo nchi ya Wanandi, ambao ni jamaa moja na Wakalenjin wengine. Tangu zamani Wanandi ni wafugaji wa ng'ombe. Siku hizi hulima pia mahindi na chai. Katika nchi hiyo kuna kijiji kiitwacho Ndalat, na habari ya somo letu ni habari ya bibi mmoja wa kijiji hicho.

Waingereza walipokuja na reli yao, Wanandi walipigana nao miaka mingi, hata kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, akauawa mwaka 1905. Mwaka 1920 nchi ikafanywa koloni. Miaka mitatu baadaye, yaani kama mwaka 1923, akazaliwa mtoto wa kike, ambaye tunamjua kwa jina la Priscilla Sitienei.

Siku zile shule zilikuwa chache. Tena serikali ya kikoloni ilizigawa kwa rangi za watu: shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, na za Waafrika mbali, na hizo za Waafrika ndizo zilizopata fungu dogo kabisa la fedha. Nyingi zilitunzwa na misheni. Hata mahali palipokuwa na shule, wazazi wengi waliona ya kuwa ni afadhali kumpeleka mtoto wa kiume, na wa kike abaki nyumbani kuchota maji, kukata kuni na kulea wadogo zake. Basi Priscilla akakua asijue herufi hata moja. Hakuwa mvivu wala mjinga. Mlango wa elimu haukufunguliwa upande wake.

2. Kazi yake

Ijapokuwa hakwenda shule, Priscilla alijifunza kazi moja kubwa, nayo ni ukunga. Kazi hiyo aliifanya kwa muda wa miaka zaidi ya 65. Alianza nchi ikiwa bado mikononi mwa Waingereza, akaiendeleza mpaka Kenya ilipopata uhuru wake mwaka 1963, akaiendeleza tena mpaka watoto aliowapokea wakawa wazazi, na watoto wao wakawa wazazi pia.

Wanafunzi, yafaa tufikiri kidogo juu ya kazi hiyo, maana watu wengi huiona kuwa kazi ndogo. Mkunga wa kijijini hana saa za kazi. Huitwa usiku wa manane, mvua ikinyesha, naye huondoka kitandani na kufuata taa ya aliyemwita. Akifika, sharti atulize hofu ya mama, na hofu ya watu wa nyumba, wala yake mwenyewe asiionyeshe. Sharti ajue dalili za mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Ajue kiasi cha damu kisichodhuru na kiasi cha hatari. Ajue kukata kitovu kwa kitu kisafi, kwa sababu uchafu mdogo waweza kumwua mtoto mchanga baada ya siku chache. Zaidi ya hayo yote sharti ajue mpaka wa maarifa yake, aseme kwa wakati, "Huyu apelekwe hospitali." Mkunga anayeona haya kusema neno hilo ni hatari kuliko asiyejua kitu.

Siku hizi akina mama hushauriwa kujifungulia hospitalini, na mwaka 2013 serikali ya Kenya iliondoa malipo ya uzazi katika hospitali zake. Ni jambo jema sana. Lakini tusisahau ya kuwa kwa miaka mingi, katika vijiji vingi, hospitali ilikuwa mbali na njia mbovu, wala hapakuwa na mwingine wa kuitwa ila bibi kama huyu.

Katika Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, tunasoma habari za wakunga wawili waliokataa amri ya mfalme wa Misri ya kuwaua watoto wa kiume. Majina yao yameandikwa: Shifra na Pua. Lakini jina la mfalme yule mwenye nguvu halikuandikwa katika sura hiyo. Kumbe mbele ya Mungu mikono inayopokea watoto yaweza kukumbukwa kuliko mkono unaoshika fimbo ya ufalme.

3. Mambo matatu yaliyomsumbua

Alipokuwa mzee, watu walimwita Gogo, maana yake bibi kwa lugha ya Kikalenjin. Alikuwa na watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa kitako akaota jua na kungojea kuletewa chakula, wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini yako mambo matatu yaliyomsumbua moyoni.

Jambo la kwanza, alitamani kusoma Biblia mwenyewe. Asiyejua kusoma hulishwa Neno kwa mkono wa mwingine, kama mtoto. Akipewa kidogo hula kidogo, na asipopewa hulala na njaa.

Jambo la pili, alikuwa na maarifa mengi ya uzazi, na ya miti na majani ya dawa, nayo yote yalikaa kichwani mwake tu. Alitaka kuyaandika ili watakaokuja nyuma wayapate. Ninyi mmeona jinsi moto unavyokwenda kutoka nyumba moja hata nyingine: mtu huja na kuchukua kijinga, akaenda kuwasha jiko lake. Lakini moto ambao hakuna aliyechukua kijinga chake, ukizimika, umezimika. Ndivyo yalivyo maarifa ya wazee wasioandika. Tena maarifa yaliyoandikwa yaweza kuchunguzwa: waganga wa hospitali huweza kuyapima, wakatenga dawa iliyo ya kweli na isiyofaa. Maarifa yaliyofichwa kichwani hayapimwi na mtu, wala hayatengenezwi.

Jambo la tatu ndilo lililomwuma zaidi. Aliona watoto wengi kijijini walioacha shule, na wengine wao walikuwa wazazi kabla ya wakati. Akawauliza kwa nini hawasomi. Wakamjibu ya kuwa wamekwisha kuwa wakubwa mno. Kisha jambo hilo likaingia hata nyumbani kwake. Mmoja wa vitukuu vyake, msichana, alipata mimba akaacha masomo. Bibi akamwuliza kwa mzaha kama karo yake iko iliyobaki shuleni. Msichana akajibu kuwa iko. Bibi akamwambia, basi, mimi nitaanza kusoma kwa fedha hiyo iliyobaki.

Angalieni hekima ya mzee. Hakumtukana yule mtoto, wala hakumfukuza. Alitumaini ya kuwa maneno yale yatamchoma kidogo, naye atarudi darasani. Tena njia ya kurudi ilikuwapo, maana tangu mwaka 1994 ni shauri la serikali ya Kenya ya kuwa msichana aliyezaa aruhusiwe kuendelea na masomo yake. Lakini yule msichana hakutaka. Ndipo bibi alipoona ya kuwa mzaha haukutosha, akaugeuza mzaha kuwa kweli, akaenda shule yeye mwenyewe.

4. Mlangoni pa shule

Ilikuwa kama mwaka 2010, umri wa bibi ukikaribia miaka 90. Alikwenda katika shule iliyoko hapo hapo Ndalat, iitwayo Leaders Vision Preparatory School, akaomba kuandikishwa pamoja na watoto wadogo. Mara ya kwanza hakukubaliwa. Hatuwezi kushangaa sana, maana hata wahenga wamesema, "Samaki mkunje angali mbichi." Watu hudhani ya kuwa akili ya mzee ni kama samaki mkavu; ukitaka kuikunja itavunjika.

Lakini methali moja haisemi mambo yote. Wahenga hao hao wamesema pia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Bibi huyu alikitaka kilicho mvunguni, akakubali kuinama. Hakukata tamaa, na baada ya muda si mrefu wakuu wa shule wakaona ya kuwa nia yake ni ya kweli, wakamfungulia mlango.

Kuinama huko hakukuwa jambo dogo. Mwanamke aliyeheshimiwa na kijiji kizima, ambaye wanaume wenye mvi walimpa salamu kwa adabu kwa kuwa aliwapokea siku ya kuzaliwa kwao, alivaa sare ya shule kama watoto. Baadhi ya wanafunzi wenzake walikuwa wamezaliwa mikononi mwake. Sita katika wanafunzi wa shule hiyo walikuwa vilembwe vyake mwenyewe. Mbele yao alikosa hesabu, akasahihishwa. Mbele yao alisoma neno kwa shida, akarudia. Mtu mwenye kiburi hawezi kufanya hivyo hata siku moja.

5. Maisha yake shuleni

Bibi Priscilla hakuwa mgeni wa kutazamwa tu. Alisoma hesabu na Kiingereza, akaingia katika nyimbo, ngoma na michezo ya kuigiza. Saa ya mazoezi ya mwili ilipofika, naye alitoka kiwanjani. Alipenda kuruka pamoja na watoto, ingawa si kama walivyoruka wao, akasema ya kuwa walau mwili wapata kujongea.

Alilala bwenini kama wanafunzi wengine wa bweni. Mwalimu alipotoka darasani, yeye ndiye aliyewekwa kuzuia kelele. Na ninyi mwaweza kujua jinsi darasa linavyotulia likichungwa na bibi wa miaka 90! Wakati wa mapumziko aliketi na watoto chini ya miti, akawasimulia hadithi na kuwafundisha desturi za wazee, ili zisipotee. Hivyo saa moja alikuwa mwanafunzi wao, na saa ya pili alikuwa mwalimu wao. Jungu kuu halikosi ukoko.

Na aliendelea kufanya ile kazi iliyomtoa nyumbani. Kila alipomwona mtoto nje ya shule alimwuliza sababu. Mtoto akisema, "Nimekuwa mkubwa mno," bibi alimjibu ya kuwa yeye mwenyewe yuko shuleni, basi na mtoto naye imempasa kuwako. Jibu hilo halina pa kutokea. Mwenye viatu akikuambia tembea juu ya miiba, waweza kubishana naye. Lakini akikuambia aliye peku, naye yuko mbele yako njiani, utasema nini?

6. Mzee aliyemtangulia

Bibi huyu hakuwa wa kwanza katika upande ule wa nchi. Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi. Mwaka uliofuata, 2004, mzee mmoja jina lake Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alikwenda katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, akaingia darasa la kwanza. Huyu alikuwa amepigana katika vita vya Mau Mau, naye pia alitamani kusoma Biblia mwenyewe. Mwaka 2005 alipanda ndege kwenda New York, Marekani, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya faida ya shule zisizo na karo.

Baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 fujo kubwa ilitokea nchini, mzee Maruge akapoteza mali yake, akakaa katika kambi ya waliokimbia makwao. Hata huko hakuacha kwenda shule. Alifariki mwaka 2009. Kwa hiyo mwaka mmoja tu hivi ulipita tangu kufa kwa mzee yule mpaka bibi wa Ndalat alipoingia darasani. Kijinga kimoja kilikuwa hakijazimika, na cha pili kikawaka.

7. Sifa zake, na mwisho wake

Habari za bibi Priscilla zilienea mbali. Mwaka 2015 watangazaji wa Uingereza walizieneza duniani. Baadaye Mfaransa mmoja mtengenezaji wa senema, Pascal Plisson, akatengeneza picha ya maisha yake, akaipa jina Gogo. Kwa ajili ya picha hiyo bibi alisafiri mpaka Paris, akaonana na mke wa rais wa Ufaransa, Brigitte Macron. Mtoto wa kike ambaye hakupelekwa hata shule ya karibu, sasa katika uzee wake alipelekwa mpaka Ulaya kwa sababu ya shule.

Lakini sifa hizo hazikumgeuza. Alirudi Ndalat, akavaa sare yake, akaketi mahali pake. Mwaka 2022 alikuwa katika darasa la sita, na wenzake walikuwa watoto wa miaka 12 hivi. Alisema ya kuwa angependa kuwa daktari, kwa kuwa alikuwa mkunga, na watoto wake mwenyewe hawakumkataza.

Mwezi wa Novemba mwaka huo wanafunzi walikuwa wakijiandaa kwa mitihani ya mwisho wa mwaka. Bibi naye alijiandaa. Kisha akashikwa na maradhi ya kifua, akakosa darasa siku tatu, na tarehe 16 Novemba 2022 akafariki dunia nyumbani kwake, mwenye umri wa miaka 99. Mtihani hakuufanya.

8. Je, alisoma bure?

Labda mmoja wenu atauliza: "Bibi huyu alisoma miaka 12, wala hakupata cheti, wala hakuwa daktari. Faida yake nini?" Ni swali la haki, nasi tulijibu bila haraka.

Kwanza, alitaka kusoma, naye akasoma. Mtu aendaye kisimani na mtungi hatafuti cheti cha maji, hutafuta maji. Cheti ni kitu chema, maana huwaonyesha wengine ya kuwa umejifunza. Lakini cheti si elimu yenyewe, kama vile ganda si nazi.

Pili, fikirini jinsi alivyofanya kazi mbili katika maisha yake, na kumbe ni kazi moja. Miaka 65 alisimama mlangoni pa dunia, akiwapokea watoto waingie wakiwa hai. Miaka 12 ya mwisho alisimama mlangoni pa shule, akiwavuta watoto waingie wapate nuru. Hakuwa na mali ya kuwagawia. Aliwapa mwili wake mwenyewe uwe mfano, naye akaubeba mfano huo kila siku, kwa miguu ya mzee, mpaka siku tatu kabla ya kufa.

Tatu, wasichana, sikieni. Yule kitukuu aliyeacha shule hakuwa mbaya kuliko wengine. Aliona haya, akadhani ya kuwa haya hiyo ni ukuta. Bibi yake alitaka kumwonyesha ya kuwa ni pazia tu; ukilisogeza kwa mkono waona njia. Kama mmoja wenu yuko nyumbani, au anaye dada aliye nyumbani, kwa sababu ya mimba, au umaskini, au umri, asiseme kuwa mambo yamekwisha. Na ninyi mlio darasani msimcheke mwanafunzi aliyewazidi umri. Huenda amepita miiba mingi kuliko ninyi ili afike katika benchi hilo.

Nne, ninyi nyote mnao mababu na mabibi. Yamkini hamna mmoja aliyekwenda Paris, lakini yumo mmoja anayejua jambo ambalo halijaandikwa: dawa ya mti, habari ya ukoo, namna ya kuhifadhi mbegu, jina la mto wa zamani. Yeye hawezi kuandika, wewe waweza. Chukua daftari na kalamu, keti karibu naye, umwulize kwa adabu, uandike asemalo. Fanya hivyo angali hai. Wengi hulia sana siku ya maziko ya bibi, na machozi yao ni ya kweli. Lakini machozi hayarudishi neno hata moja ambalo hawakumwuliza.

MANENO

mkunga: mwanamke anayemsaidia mama wakati wa kujifungua.
kitukuu: mtoto wa mjukuu.
kilembwe: mtoto wa kitukuu.
kijinga: kipande cha ukuni kinachowaka moto.
karo: fedha inayolipwa shuleni.
peku: bila viatu.
ukoko: chakula kilichoshika chini ya chungu.

MASWALI

1. Kwa nini Priscilla Sitienei hakwenda shule utotoni? Toa sababu mbili.
2. Taja mambo matatu ambayo mkunga sharti ayajue.
3. Ni mambo gani matatu yaliyomfanya bibi aende shule? Lipi unaloliona kubwa kuliko mengine, na kwa nini?
4. Eleza maana ya methali hizi, na uonyeshe jinsi zinavyohusu habari hii: (a) Samaki mkunje angali mbichi. (b) Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
5. Mzee Maruge na bibi Priscilla walifanana katika nini? Walitofautiana katika nini?
6. Mwulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu jambo moja ambalo halijaandikwa kitabuni. Liandike kwa mistari kumi, umsomee mwenyewe, na akisema umekosea, usahihishe. Kisha ulilete darasani.